Will Rogers

William Penn Adair Rogers, anayejulikana zaidi kwa jina la Will Rogers (4 Novemba 1879 – 15 Agosti 1935), alikuwa mchekeshaji, mwigizaji wa filamu na mwandishi wa magazeti kutoka nchini Marekani. Alizaliwa katika taifa la Wacherokee, mojawapo ya mataifa ya wenyeji asilia wa Amerika, kwenye eneo ambalo leo ni sehemu ya jimbo la Oklahoma. Alianza kama kauboi aliyecheza kwa kamba ya kunasia ng'ombe, akaendelea kuwa mtu aliyechekesha taifa zima jukwaani, magazetini, redioni na katika filamu.

Sehemu ya habari za utoto na ujana wake imehifadhiwa katika kitabu cha Spi Trent, binamu yake na rafiki yake wa ujana. Kitabu hicho kinaitwa My Cousin Will Rogers na kilitolewa mwaka 1938, miaka mitatu baada ya kifo cha Rogers. Makala hii inaeleza hasa miaka hiyo ya mwanzo. Rogers alipokuwa maarufu, watu wengi walimdhania kuwa mtu wa kijijini, maskini na asiye na elimu. Yeye mwenyewe alipenda kuwaacha waamini hivyo. Maisha yake ya awali yalikuwa tofauti na picha hiyo.

Asili ya familia

Baba yake, Clement Vann Rogers (aliyeitwa Clem), alizaliwa mwaka 1839. Mama yake aliitwa Mary America Schrimsher. Wote wawili walikuwa na damu ya Kicherokee na ya Kizungu, na Will mwenyewe alihesabiwa kuwa Mcherokee kwa zaidi kidogo ya robo.

Zamani Wacherokee waliishi kusini-mashariki mwa Marekani. Katika miaka ya 1838 na 1839 serikali ya Marekani iliwahamisha kwa nguvu kwenda magharibi, na maelfu walikufa njiani kwa njaa, baridi na magonjwa. Familia ya Rogers ilikuwa miongoni mwa zile zilizohamia magharibi kabla ya uhamisho huo. Katika nchi mpya Wacherokee walikuwa na serikali yao, bunge lao, mahakama zao, shule zao na gazeti lililochapishwa kwa maandishi ya lugha yao.

Baadhi ya familia tajiri za Wacherokee zilimiliki watumwa Weusi. Familia ya Rogers ilikuwa mojawapo. Clem alipoanza maisha ya kujitegemea akiwa kijana, wazazi wake walimpa ng'ombe, farasi na watumwa wawili walioitwa Rabb na Huse. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe (1861–1865) Clem alikuwa ofisa katika jeshi la Wacherokee lililopigana upande wa majimbo ya Kusini chini ya Stand Watie. Upande huo ulishindwa. Mkataba wa mwaka 1866 kati ya Wacherokee na serikali ya Marekani uliwapa watumwa walioachwa huru haki za raia wa taifa la Wacherokee.

Baada ya vita Clem alianza upya bila mali. Alifanya kazi ya kusafirisha mizigo kwa magari ya kukokotwa, akanunua ng'ombe kidogo kidogo, na mwishowe akawa mmoja wa wafugaji wakubwa wa eneo lake. Alikuwa pia jaji na seneta wa Wacherokee. Jina la mwanawe wa mwisho alilichukua kutoka kwa William Penn Adair, kiongozi wa Wacherokee aliyepigana naye vitani.

Kuzaliwa na mazingira ya utotoni

Will alizaliwa karibu na mji mdogo wa Oologah, kwenye nyumba ya ghorofa moja iliyojengwa mwaka 1875 karibu na mto Verdigris. Kuta zake zilikuwa za magogo yaliyofunikwa kwa mbao na kupakwa rangi nyeupe. Kwa wakati ule na mahali pale, ilikuwa nyumba ya mtu mwenye uwezo. Will alikuwa mtoto wa nane na wa mwisho, lakini kadhaa kati ya ndugu zake walifariki wangali wadogo. Kaka yake Robert alifariki mwaka 1883. Waliokua pamoja naye walikuwa dada zake watatu, Sallie, Maud na May.

Nchi hiyo ilikuwa uwanda mpana wa nyasi wenye miti michache, isipokuwa kando ya mito. Msomaji anayeujua uwanda wa juu wa Ufipa, na jinsi jicho linavyofika mbali pale ng'ombe wanapolisha kati ya kijiji na kijiji, anaweza kupata picha yake, ingawa majira ya baridi ya Oklahoma huleta theluji. Ranchi ya Clem ilienea kati ya mito ya Verdigris na Caney kwenye eneo la ekari zipatazo 60,000. Wakati wa neema ilikuwa na maelfu ya ng'ombe wenye pembe ndefu walioletwa kutoka Texas.

Ekari hizo hazikuwa mali ya Clem. Ardhi yote ilikuwa ya taifa la Wacherokee kwa pamoja. Raia aliruhusiwa kutumia eneo lisilotumiwa na mwenzake, na alichomiliki ni vitu alivyoviweka juu yake, yaani nyumba, uzio, mazao na mifugo. Mpango huu unafanana kwa kiasi fulani na ardhi ya kijiji nchini Tanzania, ambapo mwanakijiji hutumia shamba huku usimamizi wa ardhi ukibaki kwa jumuiya. Jambo hili ni muhimu katika kuelewa yaliyompata Will alipokuwa kijana.

Dan Walker na kamba

Kauboi aliyemfundisha Will kutumia kamba ya kitanzi alikuwa Mtu Mweusi aitwaye Dan Walker, aliyeishi na kufanya kazi kwenye ranchi ya Clem. Dan na mkewe walikuwa na watoto, na Will alicheza na kula nyumbani kwao tangu akiwa mdogo sana. Inaelezwa kuwa Dan alikuwa hodari kuliko wafanyakazi wengine wa ranchi katika kupanda farasi na kunasa ng'ombe.

Kwa kauboi, kamba ilikuwa chombo cha kazi. Ndama alinaswa shingoni au miguuni ili apigwe chapa, atibiwe au ahasiwe. Mtupaji alipaswa kukadiria mwendo wa farasi wake, mwendo wa mnyama, umbali na upepo, kisha kuachia kitanzi kabla mnyama hajafika mahali alipolengwa. Will aliupenda mchezo huo kuliko jambo lolote. Alinasa ndama, mbwa, kuku, bata mzinga na watoto wenzake.

Mwaka 1893 baba yake alimchukua kwenda Chicago, mji uliokuwa na maonyesho makubwa ya dunia. Huko alimwona Vicente Oropeza, bingwa wa kamba kutoka Mexico, aliyekuwa katika onyesho la Buffalo Bill. Oropeza aliizungusha kamba hewani kwa mitindo ambayo haikuwa na kazi yoyote katika malisho. Ilikuwa sanaa tu. Kijana wa miaka 13 alirudi nyumbani na kuanza kuijaribu mitindo hiyo mmoja baada ya mwingine.

Kwa hiyo walimu wake wa kamba walikuwa wawili: Mmarekani Mweusi aliyewahi kuishi katika zama za utumwa na mwanamaonyesho wa Mexico. Majina yao hayakujulikana sana kwa watazamaji ambao baadaye walimshangilia Rogers kama kielelezo cha kauboi wa Marekani.

Kifo cha mama na miaka ya shule

Mama yake alifariki mwezi Mei 1890, Will akiwa na umri wa miaka 10. Alikuwa mama mpole, mpenda muziki na mwenye utani, tofauti na Clem aliyekuwa mkali na mtu wa kazi. Waliomjua Will wakubali kwamba msiba huo ulimwumiza kwa muda mrefu. Dada zake wakubwa, hasa Sallie na Maud, walijitahidi kuwa mama kwake. Baba yake alioa tena mwaka 1893.

Will alisoma katika shule nyingi. Alianza katika shule ndogo ya Drumgoole, karibu na alipoishi dada yake Sallie, ambako wanafunzi wengi walikuwa Wacherokee. Baadaye alipelekwa Muskogee katika shule ya wasichana, ambako yeye na wavulana wengine wachache sana walikubaliwa. Kisha alisoma katika chuo cha Willie Halsell mjini Vinita kwa miaka kadhaa, na baada ya hapo katika shule ya Scarritt huko Neosho, jimbo la Missouri. Mwaka 1897 baba yake alimpeleka shule ya kijeshi ya Kemper mjini Boonville, Missouri, kwa matumaini kwamba nidhamu ya askari ingemtuliza.

Alipokuwa maarufu, Rogers aliwachekesha watu kwa kudai kwamba hakuwahi kuvuka kitabu cha nne cha kusoma. Ukweli ni kwamba alikaa shuleni takriban miaka kumi, na katika shule za bweni zilizolipiwa ada. Alifanya vizuri katika historia na katika somo la kukariri mbele ya watu. Tatizo lake lilikuwa kutotulia. Darasani alichekesha wenzake kwa sura na miondoko, na nje ya darasa alikuwa na kamba mkononi. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1898 alitoroka Kemper, akiwa na fedha alizopewa na dada zake, akaenda kufanya kazi kwenye ranchi karibu na Higgins, Texas. Huo ndio ulikuwa mwisho wa shule.

Ranchi, Spi Trent na mwisho wa ardhi ya pamoja

Will aliporudi nyumbani, baba yake alimkabidhi ranchi aisimamie. Clem mwenyewe alikuwa amehamia mji wa Claremore na kujishughulisha na benki. Ni katika kipindi hiki, karibu na mwaka 1900, ambapo Spi Trent alikuwa mwenzake wa karibu. Nyumba kubwa ilikuwa imepangishwa kwa mkulima na familia yake, na vijana hao wawili wakajijengea kibanda cha magogo wakaishi humo, wakipika wenyewe na kuchunga wenyewe.

Will hakuwa meneja mzuri. Ng'ombe walihitaji kutazamwa kila siku, lakini yeye alipenda dansi, nyimbo, mbio za farasi na mashindano ya kamba. Tarehe 4 Julai 1899 alishinda tuzo ya kwanza katika mashindano ya Claremore, na mwaka huohuo alikwenda kushindana St. Louis. Clem, aliyejenga mali yake mara mbili kwa jasho, hakuelewa mtoto aliyeiona kazi ya ng'ombe kuwa mchezo. Barua na kumbukumbu za familia zinaonyesha baba aliyelipa madeni ya mwanawe na kulalamika, lakini hakumtupa.

Hata hivyo, si uzembe wa Will peke yake uliomaliza maisha ya ranchi. Reli ilikuwa imefika mwaka 1889 na kupita katikati ya malisho, na walowezi wakaja pamoja nayo. Seng'enge ilizungushiwa mashamba, na malisho ya wazi yakapungua. Mwaka 1898 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyofahamika kama Sheria ya Curtis, iliyovunja mahakama za mataifa ya wenyeji na kuamuru ardhi yao ya pamoja igawanywe kwa mtu mmoja mmoja. Kila Mcherokee aliandikishwa na kupewa kipande chake. Katika mgawanyo huo Clem na Will walibaki na chini ya ekari 200 kwa jumla, mahali walipokuwa wakichungia makumi ya maelfu.

Kwa watu wenye kipato kidogo hasara ilikuwa kubwa zaidi. Wengi waliuza vipande vyao kwa bei ya chini au walidanganywa, na katika muda mfupi sehemu kubwa ya ardhi ya Wacherokee ilikuwa mikononi mwa wageni. Mwaka 1907 taifa lao lilimezwa katika jimbo jipya la Oklahoma. Clem alikuwa mjumbe katika mkutano ulioandika katiba ya jimbo hilo, na wilaya ya Rogers ilipewa jina kwa heshima yake yeye, si ya mwanawe. Alifariki mwaka 1911.

Hivyo kijana aliyelelewa kuwa mrithi wa ranchi alifikia utu uzima wakati ranchi yenyewe ilikuwa inatoweka. Ujuzi uliobaki mkononi mwake ulikuwa wa kamba.

Safari hadi Afrika Kusini

Mwanzoni mwa mwaka 1902 Will alimwuzia baba yake ng'ombe waliobaki na kuondoka na rafiki yake Dick Parris. Alikuwa amesikia kwamba Argentina bado ilikuwa na malisho ya wazi yasiyo na uzio. Walipita New York na Uingereza, wakafika Buenos Aires mwezi Mei. Parris alirudi nyumbani baada ya muda mfupi. Will alibaki na kugundua kwamba wachungaji wa Argentina walikuwa wengi, walilipwa kidogo na walimshinda kwa kamba.

Fedha zilipomwishia alipata kazi ya kuhudumia mifugo ndani ya meli iliyokuwa ikienda Afrika Kusini. Vita kati ya Waingereza na Makaburu vilikuwa vimemalizika tarehe 31 Mei 1902, na nchi ilihitaji wanyama wa kuchukua nafasi ya waliokufa. Alifika Durban, akafanya kazi ya farasi na nyumbu, kisha mwezi Desemba akakutana huko Ladysmith na mwenye sarakasi, Mmarekani aliyeitwa Texas Jack. Alipoombwa aonyeshe anachoweza kufanya kwa kamba, alitumia mitindo aliyojifunza kwa kumwigiza Oropeza, akaajiriwa palepale.

Kwa miezi kadhaa alizunguka miji ya Afrika Kusini na sarakasi hiyo kwa jina la Cherokee Kid, yaani kijana wa Kicherokee. Alizungusha kamba, alipanda farasi wakorofi, na aliigiza pia nafasi za wenyeji wa Amerika na za watu Weusi, kama ilivyokuwa desturi ya maonyesho ya wakati ule. Texas Jack alimfundisha jambo ambalo ranchi haikuweza kumfundisha: namna ya kusimama mbele ya watazamaji, kujua wakati wa kumaliza tendo, na kuwaacha wakitamani zaidi. Rogers alimshukuru kwa hilo maisha yake yote. Mwaka 1903 alivuka kwenda Australia na New Zealand, akafanya kazi katika sarakasi ya ndugu wa Wirth, na mwaka 1904 akarudi nyumbani akiwa ameizunguka dunia.

Kutoka kamba hadi maneno

Mwaka 1905 alifika New York na kundi la maonyesho la Zack Mulhall. Mwezi Aprili, katika ukumbi wa Madison Square Garden, maksai mmoja alitoroka uwanjani na kupanda kwenye viti vya watazamaji. Rogers alimfuata na kumnasa kwa kamba, na magazeti ya mji yakaandika habari hiyo. Muda mfupi baadaye alipata nafasi katika kumbi za burudani zilizochanganya nyimbo, mazingaombwe na vichekesho. Alipanda jukwaani na farasi wake Teddy, akiwa amevalishwa viatu vya kitambaa ili asiteleze juu ya mbao.

Mwanzoni hakusema neno. Siku moja alishauriwa atangaze mapema mtindo mgumu aliokuwa anakaribia kuufanya. Alipofungua kinywa, watu walicheka kwa sababu ya lafudhi yake ya kwao na namna alivyoburuta maneno. Rogers alikasirika, akidhani anadharauliwa. Wenzake walimweleza kwamba kicheko hicho ndicho kilichotafutwa na kila mtu katika jengo lile. Tangu hapo alianza kuzungumza kidogo kidogo, na hata kamba ilipomponyoka alikuwa na neno la kusema juu ya kosa lake.

Tarehe 25 Novemba 1908 alimwoa Betty Blake, waliyefahamiana tangu alipokuwa Oologah. Walizaa watoto wanne: Will, Mary, Jim na Fred. Fred alifariki mwaka 1920 kwa ugonjwa wa dondakoo kabla ya kutimiza miaka miwili.

Kuanzia mwaka 1915 Rogers alifanya kazi kwa Florenz Ziegfeld mjini New York. Wateja wengi walirudi usiku baada ya usiku, hivyo hakuweza kurudia vichekesho vilevile. Betty alimshauri azungumzie yale aliyoyasoma magazetini. Ushauri huo ulimpa chanzo cha vichekesho kisichokauka. Mwaka 1916 alimtania Rais Woodrow Wilson akiwa ameketi mbele yake ukumbini huko Baltimore, na Wilson akacheka. Kutoka hapo utani juu ya wakubwa ukawa alama yake.

Umaarufu

Rogers aliigiza katika filamu zipatazo 70. Takriban 50 kati ya hizo hazikuwa na sauti, na ndipo sauti ilipoanza kutumika ambapo alifanikiwa kweli, kwa kuwa watazamaji walitaka kumsikia. Miongoni mwa filamu zake ni A Connecticut Yankee (1931), State Fair (1933) na Judge Priest (1934). Mwaka 1934 alitajwa kuwa mwigizaji aliyevuta watazamaji wengi kuliko wote nchini Marekani.

Kuanzia mwaka 1922 aliandika safu ya kila wiki magazetini, na kuanzia mwaka 1926 aliongeza ujumbe mfupi wa kila siku uliosomwa na mamilioni. Wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi alizunguka nchi akifanya maonyesho ya kuchangia waathirika wa ukame, na mapato akayatoa kwa Msalaba Mwekundu.

Umaarufu huo ulikuwa na upande wake wa lawama. Mwezi Januari 1934, katika kipindi cha redio, alitumia neno la kuwatukana watu Weusi. Magazeti ya Wamarekani Weusi na vyama vyao vilipinga vikali, na utetezi alioutoa haukuwaridhisha wengi. Tukio hili hukumbukwa hasa kwa sababu mtu aliyelitamka neno hilo alikuwa amekulia katika nyumba ya Dan Walker na kupata ujuzi wake wa kwanza mikononi mwake.

Kifo

Rogers alipenda sana usafiri wa ndege. Mwezi Agosti 1935 alisafiri kwenda Alaska na rubani mashuhuri Wiley Post, ambaye pia alitoka Oklahoma. Ndege yao ilikuwa imeunganishwa kutoka sehemu za ndege mbili tofauti na kuwekewa maboya ya kutulia majini, jambo lililoifanya iwe nzito upande wa mbele. Tarehe 15 Agosti walipotelewa na njia kwa sababu ya hali ya hewa, wakatua kwenye maji karibu na Point Barrow na kuwauliza wenyeji njia. Walipopaa tena injini ilizimika, ndege ikaanguka, na wote wawili walifariki papo hapo. Clair Okpeaha, mwenyeji aliyeshuhudia ajali, alikwenda kwa miguu hadi Barrow kutoa habari. Rogers alikuwa na umri wa miaka 55.

Kumbukumbu za rafiki na nyaraka

Kitabu cha Spi Trent kilikuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza kuandikwa na watu waliomjua Rogers kabla ya jina lake kuwa kubwa. Mwaka 1941 mjane wake Betty alitoa kumbukumbu zake, na mwaka 1953 mwandishi Homer Croy alitoa wasifu mwingine. Kuanzia mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Oklahoma kilichapisha barua na nyaraka za Rogers. Juzuu ya kwanza inahusu miaka kuanzia kuzaliwa kwake hadi Aprili 1904, aliporudi kutoka safari ya dunia.

Vyanzo hivi vina matumizi tofauti. Rafiki wa ujana anajua mambo ambayo hayaandikwi katika daftari la shule wala la ardhi: jinsi mtu alivyocheka, alivyoogopa baba yake na alivyoishi kibandani wakati hakuna aliyemtazama. Lakini Trent aliandika wakati nchi nzima ilikuwa bado inaomboleza, na mtu anayeandika wakati huo huelekea kumwona shujaa tayari ndani ya mtoto. Nyaraka hazina upendo huo. Zinaonyesha ada zilizolipwa, deni lililodaiwa, ekari zilizopunguzwa na barua za kijana aliyekuwa akiomba fedha nyumbani. Mwanafunzi wa historia anayesoma vyote viwili hupata mtu kamili zaidi: mtoto wa tajiri aliyejifanya maskini, Mcherokee aliyeipoteza ardhi ya taifa lake akiwa kijana, na mchekeshaji aliyepewa kamba na mtu ambaye jina lake halikuandikwa kwenye mabango.

Urithi

Makumbusho ya Will Rogers yalifunguliwa mjini Claremore tarehe 4 Novemba 1938, kwenye ardhi aliyoinunua mwaka 1911 akitarajia kuzeeka hapo. Mwaka 1944 mwili wake ulihamishwa kutoka California na kuzikwa mahali hapo, na Betty alizikwa kando yake mwaka huohuo. Sanamu yake iliwekwa mwaka 1939 katika jengo la Bunge la Marekani mjini Washington kwa niaba ya jimbo la Oklahoma. Uwanja wa ndege wa Oklahoma City pia una jina lake.

Nyumba aliyozaliwa bado ipo, ingawa si pale ilipojengwa. Bwawa la Oologah lilipochimbwa kwenye mto Verdigris, nyumba ilihamishiwa juu ya mwinuko, na sehemu kubwa ya bonde ambalo Will, Spi Trent na watoto wa Dan Walker walilitumia kuchunga na kucheza sasa iko chini ya maji.